Hema la Ubavuni kwa Gari la Kulala: Jinsi ya Kulifunga, Kuliacha Limesimama na Kulirudia

Karibu kila anayeniomba msaada ananieleza kisa kilekile. Amenunua hema la ubavuni, lile linalounganishwa na mlango wa pembeni wa gari na kubaki limesimama gari likiondoka. Amelifunga mchana, limependeza. Usiku upepo umevuma na sehemu inayoshika gari imechomoka, au imechanika kabisa. Mwingine ameondoa gari asubuhi kwenda kutafuta maji ya kunywa, na hema likalala chini nyuma yake.

Chanzo ni kimoja: gari limefanywa nguzo. Hema la aina hii lazima lisimame lenyewe, limekazwa pande zote kana kwamba hakuna gari karibu, ndipo liunganishwe. Kati ya hema na gari kinapita kitambaa kilicholegea kidogo tu, kisichobeba uzito wowote. Mpangilio wa hatua zote hapa chini unatokana na hilo, kwa hiyo usiruke hatua wala usizibadilishe nafasi.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Dar es Salaam wanaokwenda Kimbiji, Buyuni au Bagamoyo na Hiace, Noah au Alphard iliyowekwa kitanda. Mchanga wetu na upepo wetu vina tabia zake, na maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la hema hayavijui.

## Mahitaji

Kusanya vyote kabla ya kugusa hema. Vingi vinapatikana Kariakoo. Kwa vitu vya chuma na alumini nenda kwa mafundi wa Gerezani.

- Hema lenye korido, yaani kile kipande cha kitambaa kinachotoka kwenye hema kuelekea mlango wa gari.
- Reli ya alumini ubavuni mwa gari, yenye mfereji mwembamba wa kupitisha pindo la utepe, au mfereji wa maji ya mvua uliokuja na gari. Kwa mfereji wa maji ya mvua ongeza fimbo na vibano vitatu vya chuma vyenye mpira ndani.
- Utepe wenye mapindo mawili: kila ukingo umeshonewa kamba ndani. Fundi wa maturubai anaweza kukushonea.
- Plastiki ndefu yenye mifereji miwili, mgongo kwa mgongo, ya kuunganisha utepe na korido. Ukiitazama kwenye ncha inafanana na tarakimu 8, na mimi nitaiita plastiki ya nane. Chukua vipande viwili au vitatu vifupi badala ya kimoja kirefu.
- Vigingi vya chuma vya sentimita 25 hadi 30 kwa ajili ya udongo.
- Viroba vitupu 10 kwa ajili ya mchanga. Vile vya unga vya kilo 25 vinafaa sana.
- Kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5, mita 30.
- Nyundo, tepu ya kupimia, stuli imara isiyoyumba, tochi ya kichwani.
- Biti za drili za milimita 4 na milimita 6. Hizi ni za kupimia, hutatoboa kitu.
- Silikoni ya kupuliza au mshumaa mweupe, na mswaki wa zamani.
- Vipande vya mpira wa tyubu, vile vya kufungia mizigo kwenye bodaboda.
- Turubai la kutandika chini.
- Kitambaa chekundu.
- Mtu wa pili. Kazi hii inawezekana peke yako, ila hatua ya 6 itakutesa.

## Kabla ya safari: jua gari lako linashikwa wapi

Hiace nyingi tulizonazo zina mfereji wa maji ya mvua unaopita juu ya milango. Hapo unaweza kushika hema bila kutoboa chochote. Noah na Alphard hazina mfereji wa namna hiyo, paa limekunjwa laini hadi kwenye mlango. Hizi zinahitaji reli.

Ukiamua kuweka reli, mwambie fundi aibandike kwa gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele, kisha aiache ikauke siku nzima au zaidi kama maelekezo ya gundi yanavyosema. Mimi siungi mkono kutoboa paa kwa gari linalokwenda baharini kila mara. Tundu moja lisilozibwa vizuri linatosha kuanzisha kutu, na hewa ya chumvi humalizia kazi.

Reli iwe imelala sawa, na iwe ndefu kuliko mlango kwa kiganja kila upande. Kata ncha zake kwa tupa zisibaki na makali, maana hapo ndipo pindo huchanikia.

### Pima kimo

Weka ndani ya gari mzigo utakaokuwamo kambini, yakiwemo madumu ya maji. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100, na gari linashuka kweli. Sasa pima kutoka chini hadi kwenye reli au mfereji.

Mahema haya huuzwa kwa madaraja ya kimo. La gari fupi mara nyingi huandikwa kati ya sentimita 180 na 210, la gari refu huanzia kama 240 kwenda juu, na katikati kuna la kati. Kila kiwanda kina mipaka yake, kwa hiyo soma lebo. Wengi wenye Noah hununua hema la gari refu kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani. Korido yake inaning'inia kama gunia, maji ya mvua yanatuama, na hakuna kamba itakayorekebisha hilo.

### Pima unene wa pindo

Pindo la kwenye korido ya hema mara nyingi ni la milimita 6. Reli za magari zipo za kupokea milimita 6 na zipo za milimita 4. Ingiza biti ya milimita 6 kwenye ncha ya reli. Ikiingia na kuteleza bila kulazimishwa, utepe wako uwe na milimita 6 pande zote mbili. Ikigoma, jaribu ya 4, kisha mwagize fundi utepe wenye pindo la 4 upande wa gari na la 6 upande wa hema.

Onyo: pindo la 4 ndani ya reli ya 6 linaingia kwa raha kabisa, na linatoka kwa raha hiyohiyo upepo unapovuta. Hema likichomoka bila kuchanika, kosa la kwanza la kutafuta ni hili.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na uelekeo

Tafuta kwanza mstari wa mwani na takataka uliowekwa na bahari ilipojaa mara ya mwisho. Panda juu ya mstari huo, tena si kwa hatua mbili tatu. Bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiwa mpevu au unapoandama huja bamvua, maji yanapanda kuliko siku nyingine. Kambi iliyokuwa salama wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, inaweza kufikiwa wiki inayofuata. Wavuvi wa hapo wanajua maji yanafika wapi. Wasalimie, kisha waulize.

Usifunge hema chini ya mnazi, hata kivuli kikiwa kitamu namna gani. Mvinje ni bora, ila angalia matawi makavu.

Sasa upepo. Hapa ndipo gari linapoweza kukusaidia bila kubeba kitu: liwe ukuta. Hema likae upande wa demani, upande usiopigwa na upepo. Magari yetu yana mlango wa kusukuma upande wa kushoto, kwa hiyo hesabu ni rahisi:

- Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki. Elekeza pua ya gari kaskazini-mashariki, na mlango utatazama kaskazini-magharibi.
- Wakati wa kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki. Elekeza pua kaskazini-magharibi, na mlango utatazama kusini-magharibi.

Kwa pande zote mbili mlango unaipa bahari mgongo. Najua watu hawapendi hivyo, kwani wamekuja kutazama bahari. Lakini hema lililofunguliwa mdomo kuelekea kusi linajaa upepo kama tanga, na ukilala humo utaitazama bahari usiku kucha bila kutaka.

Umefaulu kama: ukisimama mahali hema litakapokaa, gari likiwa limeegeshwa, upepo unaupata miguuni na juu ya kichwa tu, haukupigi kifuani.

## Hatua ya 2: Egesha na uweke alama

Gari likae sawa. Kama umepunguza upepo kwenye matairi ili upite mchangani, fahamu kwamba limeshuka sentimita kadhaa, na litapanda tena ukijaza.

Endesha mbele na nyuma mara mbili tatu mahali hapohapo ili mchanga ushindiliwe. Ukiegesha juu ya mchanga laini na kuunganisha hema papo hapo, gari litaendelea kuzama polepole, na korido itavutwa nalo.

Vuta breki ya mkono na uweke jiwe au gogo nyuma ya tairi. Kisha pigilia vigingi viwili vya alama: kimoja pembeni ya kitovu cha tairi la mbele la kushoto, kingine pembeni ya tairi la nyuma la kushoto, kila kimoja kiganja kimoja kutoka kwenye mpira. Vifunge vitambaa vya rangi. Alama hizi ndizo zitakazokurudisha mahali sahihi. Usitumie mawe, maana watoto huyahamisha.

## Hatua ya 3: Weka utepe kwenye gari peke yake

Hema bado limo mfukoni. Safisha reli kwa mswaki mkavu, kisha pitisha kitambaa. Chembe za mchanga ndani ya reli hukwaruza pindo na kulikwamisha katikati.

Puliza silikoni kidogo, au sugua mshumaa kwenye pindo. Wapo wanaotumia sabuni ya mche. Inateleza vizuri siku ya kwanza, kisha inashika mchanga na kuwa kama msasa.

Ingiza pindo la utepe kwenye ncha ya reli. Mmoja alishe, mwingine avute. Usivute kwa kuning'inia. Likikwama, lirudishe nyuma kidogo, linyooshe, endelea. Lifikishe hadi nusu ya utepe iwe sawa na nusu ya mlango.

Kazi hii, na ile ya plastiki ya nane katika hatua ya 6, fanya asubuhi au jioni. Jua la saa saba mchana linalainisha plastiki ya nane na kuivimbisha, na kitu kilichopita kama mchezo asubuhi kinakataa kabisa.

Kama unatumia mfereji wa Hiace: badala ya utepe, korido nyingi zina mfuko mrefu wa kupitisha fimbo. Pitisha fimbo, ilaze kando ya mfereji, na uibane kwa vibano vitatu vya chuma vyenye mpira ndani: viwili kwenye ncha na kimoja katikati. Hilo utalifanya katika hatua ya 6. Kwa sasa jaribu tu vibano kama vinakaa.

Kama huna reli wala mfereji: utapitisha mikanda kutoka kwenye korido juu ya paa hadi upande wa pili, na kuifunga kwenye vigingi vilivyopigwa chini upande huo. Weka kanga au taulo chini ya mikanda, la sivyo itasaga rangi usiku mzima. Usifunge kwenye mpini wa mlango wala kioo cha pembeni. Njia hii inafanya kazi, lakini kila unapotaka kuondoka lazima ukumbuke upande usiouona.

## Hatua ya 4: Pima umbali, bado usisimamishe

Tandika turubai, lilaze hema juu yake, korido ikielekea gari. Funga zipu zote za hema. Zipu iliyoachwa wazi wakati wa kuvuta pembe haitakutana tena ukimaliza, na ukiilazimisha meno yanatoka.

Mtu mmoja ashike ukingo wa korido na kuuinua hadi kwenye reli, bila kuuingiza. Mwingine avute hema taratibu kurudi nyuma, kutoka kwenye gari, hadi kitambaa cha korido kinyooke. Kisha alisogeze tena kuelekea gari kwa upana wa kiganja, sentimita 10 hivi. Hapo ndipo mahali pake.

Hicho kiganja ndicho watu wanachokiruka. Kila mtu anapopanda garini, gari linashuka na kuyumba. Watu wanne wakilala, linashuka zaidi. Bila ulegevu, kila mtikisiko unavuta mshono wa korido, na mshono unachoka kabla hujajua.

Weka alama ya pembe nne za hema. Shusha korido, iviringishe, ifunge ikae pembeni. Haitahitajika hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Simamisha hema kana kwamba hakuna gari

Anza na pembe nne za chini, mshazari kwa mshazari: pembe ya mbele kulia, kisha ya nyuma kushoto, halafu zilizobaki. Ukizunguka kwa mfuatano hema litapinda.

Kisha simamisha. Kama lina fimbo, pitisha zote kwanza, ndipo uinue. Kama ni la kujaza hewa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye lebo ya mirija na usikizidi. Hewa iliyojazwa asubuhi yenye ubaridi inatanuka jua likipanda, kwa hiyo adhuhuri bonyeza mirija kwa kidole. Ikiwa migumu kama jiwe, punguza.

### Kwenye udongo

Pigilia kigingi kikiegemea mbali na hema, pembe ya nyuzi 45 hivi, hadi kichwa kibaki kidogo tu juu. Kamba nayo ishuke kwa mwinamo huohuo. Hapo hakuna mengi.

### Kwenye mchanga

Hapa ndipo mahema mengi ya Kigamboni yanapotea, kwa hiyo tulia nami.

Kigingi cha kawaida kwenye mchanga mkavu hakishiki kitu. Unakivuta kwa vidole viwili kinatoka. Watu huongeza urefu wa kigingi, au hukipiga kwa nguvu zaidi, na matokeo ni yaleyale, kwa sababu mchanga mkavu hauna mshikamano, unategemea uzito wake tu. Basi tumia uzito wake.

Jaza kiroba mchanga hadi nusu, ukipata wenye unyevu ni bora zaidi. Kiroba cha unga cha kilo 25 kikiwa na mchanga nusu tu tayari ni kizito kuliko ule unga uliokuwamo. Funga mdomo. Zungushia kamba kiunoni pa kiroba, ukiacha mkia wa mita moja na nusu. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, weka kiroba kikiwa kimelala, ubavu wake mrefu ukitazama hema. Chimba kijia chembamba cha mshazari ili kamba itoke kuelekea hema kwa mwinamo. Kamba ikitoka wima itakuwa inakinyanyua kiroba, na huo ndio uvutaji ambao mchanga hauwezi kuuzuia.

Fukia, mwagia maji ya bahari, kanyaga kwa miguu. Rudia mara mbili. Kisha funga kamba ya hema kwenye mkia uliobaki juu.

Huna viroba vya kutosha? Kipande cha mti cha urefu wa mkono, au hata shina la kuti, kikifukiwa kikiwa kimelala namna hiyohiyo, kinashika vizuri. Weka viroba kwenye pembe nne na kwenye kamba za upande wa joshini, unakotoka upepo. Kamba zilizobaki zitaridhika na vipande vya mti.

Na sasa jambo linalosahaulika na karibu wote: kaza pia kamba za upande wa gari. Maelekezo mengi huonyesha kamba za pande za nje tu, kwa sababu mchoro umechorwa gari likiwepo. Gari likiondoka, ukuta wa upepo umeondoka nalo, na upande huo ndio unaopigwa kwanza. Weka kamba mbili pale, moja kila upande wa korido, zikipita pembeni ili mlango ubaki huru. Zifunge vitambaa vyeupe usijikwae usiku.

Umefaulu kama: unaweza kushika fimbo ya juu upande wa gari, ukaivuta kwa nguvu ya mkono mmoja kuelekea baharini na kisha kuelekea nchi kavu, na hema linayumba na kurudi bila kiroba hata kimoja kupanda. Likishindwa jaribio hili, usiendelee. Ongeza viroba.

## Hatua ya 6: Unganisha

Fungua korido. Mtu mmoja apande stuli kando ya reli, mwingine asimame ndani ya korido akibeba uzito wa kitambaa kwa kichwa na mikono. Huyo wa ndani ndiye mwenye kazi kubwa. Kitambaa kikining'inia chenyewe, plastiki ya nane haitapita.

1. Pindo la pili la utepe, lile linaloning'inia kutoka kwenye gari, lisogeze karibu na pindo la korido. Yalale sambamba.
2. Chukua kipande cha kwanza cha plastiki ya nane. Ingiza pindo la utepe kwenye mfereji mmoja na pindo la korido kwenye mfereji mwingine, yote mawili kwa wakati mmoja.
3. Telezesha kipande hadi mwisho, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukinyoosha mapindo mbele yake.
4. Fuata na kipande cha pili, kisha cha tatu. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya kimoja na kingine ili visigongane gari likiyumba.
5. Kwenye kila ncha ya reli, funga kipande cha mpira wa tyubu kuzuia plastiki isiteleze na kutoka usiku.

Usigonge kwa nyundo. Plastiki ikikataa, sababu ni moja kati ya tatu: mapindo hayako sambamba, aliye ndani ameacha kubeba, au kuna mchanga. Shuka, tazama, rekebisha.

Kwa wenye mfereji: inua fimbo iliyomo kwenye mfuko wa korido, ilaze, bana kibano cha katikati kwanza, kisha cha kila ncha.

Tazama dari ya korido. Inatakiwa kuinama kidogo kutoka kwenye gari kwenda pembeni, au kutoka hema kwenda gari, yoyote ile mradi maji yana njia. Lita 20 za mvua zilizotuama ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye mshono. Wakati wa masika hilo hutokea ndani ya dakika chache. Kama kuna tumbo linaloshuka, sukuma juu kwa fimbo ya ziada ndani ya korido.

Umefaulu kama: mtu anapanda na kushuka garini mara tatu, korido inacheza, lakini paa la hema halisogei hata kidogo. Ukiona paa linafuata gari, ulegevu hautoshi. Rudi hatua ya 4. Ni kazi, najua, ila ifanye sasa kuna mwanga.

## Hatua ya 7: Ziba nyufa

Upande wa chini wa gari hupitisha upepo, mchanga na mbu. Tundika kipande cha turubai kutoka ukingo wa chini wa mlango hadi ardhini na ukilaze kwa mchanga. Pembeni mwa korido kitambaa hakigusi ubavu wa gari sawasawa, hivyo kivute kwa mpira wa tyubu hadi kwenye magurudumu. Hii nayo utaifungua kabla ya kuondoka.

Chandarua kiwepo juu ya kitanda hata hivyo. Hakuna korido inayozuia mbu wote wa pwani.

Onyo la uhai. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya hema wala ndani ya korido, hata mvua inyeshe, hata uache zipu nusu. Usiingize jiko ulilodhani limezimika ili kupata joto. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa wamelala. Usiwashe injini ya gari kwa ajili ya kiyoyozi korido ikiwa imeunganishwa. Jenereta likae mbali, upande wa demani wa kambi nzima.

## Hatua ya 8: Kuondoka na gari

Fanya jaribio hili siku ya kwanza kabla ya giza, hata kama huna pa kwenda.

Tangu umeunganisha hema, kitambaa chekundu kiwe kimefungwa kwenye usukani. Hakifunguliwi hadi mtu wa pili aseme tayari. Nimewahi kuona gari likiondoka asubuhi kwa mtu aliyeamka na usingizi. Likaburuta korido, fimbo mbili na godoro, na mtoto wake alikuwa ametoka humo dakika chache tu kabla.

Utaratibu: fungua mipira ya chini na ya magurudumu. Telezesha vipande vya plastiki ya nane vitoke, huku wa ndani akibeba kitambaa. Viringisha korido na ufunge zipu ya mlango wa hema upande huo. Utepe ubaki kwenye gari, lakini ukunje na uufunge usipigepige barabarani. Hesabu watoto kwa majina. Ondoa jiwe nyuma ya tairi. Endesha mbele moja kwa moja, polepole, hadi gari zima lipite hema, ndipo ukate kona.

Simama hatua 20 mbele, shuka, litazame hema kwa dakika tano likiwa peke yake kwenye upepo. Umefaulu kama limesimama vilevile lilivyokuwa.

Kurudi, ingia kwa mstari uleule uliotokea, mtu wa pili akisimama kwenye vigingi vya alama. Tairi likifika kiganja kimoja kutoka kwenye kigingi, mbele na nyuma, umefika. Ukikosea kwa sentimita 20, toa gari urudie. Usihamishe hema.

## Hatua ya 9: Upepo ukizidi

Wingu jeusi likitokea baharini na upepo ukageuka ghafla kuwa wa baridi, una dakika chache. Tenganisha korido kwanza, funga zipu, kisha shughulikia mengine. Hema likiwa huru linaweza kujitetea. Likiwa limeshikana na gari, mshono wa korido ndio unaolipa.

Ikiwa fimbo zinapinda hadi ndani, shusha hema chini, liwekee viroba juu, na nyote mwingie garini. Hema lililolazwa chini litasimama kesho.

## Hatua ya 10: Kufungasha

Telezesha, viringisha, shusha kwa mpangilio wa kinyume. Fukua viroba vyote na umwage mchanga hapohapo. Plastiki isibaki ufukweni.

Ukifika nyumbani, siku hiyohiyo, suuza kwa maji ya bomba zipu, mapindo, plastiki ya nane na reli ya gari. Chumvi ikikauka ndani ya zipu, meno yanashikana. Anika hema kivulini hadi mishono ikauke kabisa, na mishono ndiyo inayokauka mwisho, kwa hiyo ishike kwa vidole. Katika joto letu, hema lililokunjwa na unyevu linaota koga ndani ya siku chache, na madoa yake hayatoki. Sugua zipu kwa mshumaa, kunja bila kufuata mikunjo ya zamani, na weka utepe na plastiki ya nane ndani ya mfuko uleule wa hema, visije vikabaki nyumbani safari ijayo.